Kuchora Humsaidia Mtoto Mgonjwa Kueleza Maumivu
Mtoto anayeugua selimundu, maradhi yanayopatikana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani, huweza kulazwa mara kwa mara kutokana na maumivu makali ya mifupa. Akiwa mdogo, huenda asiweze kueleza anaumwa wapi. Akipewa karatasi yenye umbo la mwili na kalamu za rangi, anaweza kupaka rangi panapouma. Hata hofu ya sindano huweza kujitokeza kwenye mchoro. Wazazi wanahimizwa kumuuliza, “Hebu niambie umechora nini,” bila kumkosoa. Hata hivyo, kuchora si tiba ya selimundu. Dawa ziendelee kutumiwa alivyoagiza daktari. Mtoto akipata homa au akipumua kwa shida, apelekwe hospitalini mara moja.