Daftari la joto lilikatika mwaka tuliorudi nyumbani

SISI tuliokulia Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, tulilelewa na hadithi moja: Rwanda kuna baridi. Wazee walioondoka mwaka 1959 na miaka iliyofuata walituambia kwamba kwao asubuhi mtu hatoki nje bila kujitanda shuka, na kwamba milimani mbu si wa kuhesabika. Sisi watoto, tuliosoma shule za Tanzania kwa Kiswahili, tukaiota nchi ya baridi tusiyopata kuiona.

Nilivuka daraja la Rusumo mwaka 1995 nikiwa kijana. Kigali niliyoikuta haikuwa na baridi ile. Baba yangu mdogo akasema hewa imebadilika. Shangazi akamjibu kwamba hewa ni ile ile, ila yeye amezidisha chumvi kwa miaka thelathini. Ubishi huo haukuisha mpaka wote wawili wakafariki.

Leo ninafundisha jiografia hapa Kigali, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza: "Mwalimu, ni kweli zamani kulikuwa na baridi kuliko sasa?" Swali hilo halijibiwi kwa hadithi za wazee. Linajibiwa kwa daftari. Na hapo ndipo penye tatizo.

Kabla ya mwaka 1994 Rwanda ilikuwa na vituo zaidi ya 100 vya hali ya hewa. Vingi vilipima mvua, baadhi vilipima na joto. Mtu alikwenda kwenye kibanda cheupe, akasoma kipimajoto, akaandika namba na tarehe. Kwa maneno mengine, wakati sisi tuko ukimbizini, palikuwa na mtu akiandika joto la nyumbani kwetu. Yalipotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, vituo vilinyamaza. Vilivyoendelea au kufufuliwa vilikuwa vichache mno, na hali hiyo ilidumu kwa takriban miaka 15.

Tazama mkasa huo, msomaji. Daftari liliandikwa tulipokuwa hatupo, likakatika mwaka tuliorudi.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka na gunia la viazi mviringo anaweza kuniuliza joto la mwaka 1998 litamsaidia nini. Nitamjibu kwa malaria.

Machi 1994 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Michael Loevinsohn kuhusu wagonjwa wa malaria katika eneo la kituo kimoja cha afya hapa Rwanda. Aliona kwamba mwaka 1987 wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 337 wakilinganishwa na miaka mitatu iliyotangulia, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi sehemu za juu, kule ambako wazee wetu walisema mbu si tatizo. Alipolinganisha na madaftari ya hali ya hewa, akakuta joto la chini kabisa, lile la usiku, limepanda. Mbu na vimelea vya malaria huhitaji joto ili kukua. Usiku ukipata joto kidogo, ugonjwa hupanda mlima.

Wiki chache baadaye vituo vikanyamaza. Aliyetaka kujua kama malaria ya miaka iliyofuata ilitokana na joto, au watu kuhama, au dawa kushindwa kufanya kazi, hakuwa na daftari la kulinganisha. Mlima ulikuwepo, wagonjwa walikuwepo, namba za joto hazikuwepo.

Je, pengo la namna hiyo huzibwa vipi bila kudanganya? Nilijifunza jibu kwa wanafunzi wangu.

Shuleni tulipata kuwa na kibanda chetu, sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeupe, lenye mianya ya kupitisha hewa. Wanafunzi walisoma kipimajoto kila siku saa 3 asubuhi. Muhula mmoja wa mvua, kwa kukwepa matope, walikihamishia kibanda karibu na ukuta wa darasa. Joto katika daftari likapanda kiasi cha nyuzi mbili kwa siku moja. Muhula huo huo, mwanafunzi wa zamu alikwenda kwao wiki nzima bila ruhusa, aliporudi akajaza siku saba kutoka kichwani: 21, 22, 21, 22.

Kosa la kwanza lilirekebishika. Tuliweka kipimajoto kimoja ukutani na kingine mahali pa zamani kwa wiki mbili, tukaijua tofauti. Kisha tukachora safu mpya pembeni, tukaandika "imerekebishwa" na sababu yake. Namba za mwanzo hatukuzifuta. Kosa la pili halikurekebishika, maana namba zile zilivaa nguo za vipimo na hazikuwa vipimo. Tulizipiga mstari.

Wapo wanaosikia kwamba wataalamu "wamerekebisha" takwimu za joto wakadhani ni kupika hesabu. Mama anayeuza maharage Kimironko hawezi kudhani hivyo. Akigundua kwamba mizani yake inazidisha gramu 50 kwa kila kilo, hachomi daftari la mauzo la mwezi mzima. Anapima jiwe la kilo analoliamini, anajua kosa ni kiasi gani, kisha anapiga hesabu upya. Kupika hesabu ni kitu kingine kabisa, naye anakijua pia.

Kazi hiyo hufanywa hata kwenye ncha ya dunia. Marekani ilianzisha kituo cha Byrd mwaka 1957 katikati ya barafu ya Antaktika Magharibi. Kipo mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Kigali, ila pale ardhi yenyewe ni barafu. Kituo hakikukaliwa na watu miaka yote. Mwaka 1980 iliwekwa mitambo ya kujiendesha yenyewe, na umeme wake ukawa wa jua. Lakini huko usiku wa kipupwe ni wa miezi, jua halionekani, na mitambo ikawa inazimika mara kwa mara. Kwa hiyo theluthi moja hivi ya vipimo ilikosekana.

Mwaka 2012 David Bromwich wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake walivirekebisha vipimo vilivyokuwepo, wakajaza mapengo kwa hesabu za kompyuta zinazounganisha vipimo vya angahewa kutoka sehemu nyingine za dunia. Wakapata kwamba joto la mahali pale lilipanda nyuzi 2.4 za Sentigredi kati ya 1958 na 2010. Njia waliyotumia waliichapisha, ili mwenye shaka aikague.

Kwetu kazi ya aina hiyo ilifanywa na Meteo Rwanda, wakala wa serikali wa hali ya hewa, pamoja na wataalamu wa taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia cha New York, akiwamo Tufa Dinku mwenye asili ya Ethiopia. Mpango wao, ENACTS, umetumika pia Ethiopia na Tanzania. Kwa upande wa mvua, setilaiti zimekuwa zikipiga picha za mawingu ya Afrika tangu miaka ya 1980, hata pale ambapo chini hapakuwa na mtu wa kusoma chombo. Wataalamu hulinganisha makadirio ya setilaiti na vituo vya miaka ambayo vituo vilikuwepo, hulijua kosa la setilaiti, hulisahihisha, kisha huendelea nalo hivyo hivyo katika miaka ya ukimya. Kwa joto hutumia hesabu za angahewa kama zile za Byrd, wakizingatia mwinuko wa kila mlima, maana ukipanda mita 1,000 joto hushuka kama nyuzi sita.

Sisi tuliorejea tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kitambulisho changu kinasema nilizaliwa 1 Januari 1979. Si kweli, na karani aliyeandika alijua si kweli. Mama alikumbuka tu kwamba vita vya Kagera vilikuwa vimeanza na maharage yalikuwa hayajavunwa. Kwa alama hizo mbili tukaukaribia ukweli, na kila anayeiona 1 Januari kwenye karatasi ya mkimbizi anajua ni makadirio. Nusu ya jamaa zangu tumezaliwa siku hiyo!

Makadirio basi si uongo, mradi yajulikane kuwa ni makadirio. Mkakati wa serikali wa mwaka 2011 kuhusu mabadiliko ya tabianchi ulisema joto la Rwanda limepanda nyuzi 1.4 tangu mwaka 1970. Nawafundisha wanafunzi namba hiyo, kisha nawauliza: ilipimwa wapi, na nani alikuwa akipima mwaka 1996? Nawakumbusha pia kwamba Kigali ilikuwa na watu kama 6,000 wakati wa uhuru mwaka 1962, na sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.7. Lami na mabati hutunza joto. Kipimajoto kilichozungukwa na mji hupima dunia na mji kwa pamoja, na ndiyo sababu ni lazima kilinganishwe na cha kijijini. Kuuliza hivyo si kukana kwamba dunia inapata joto. Ni kutaka kujua sehemu yetu ni ipi.

Kwa hiyo baba mdogo alikuwa na haki kuliko shangazi. Ila kwa miaka ile waliyokuwa wakibishana sebuleni, jibu tulilo nalo ni la makadirio, na litabaki hivyo.

Isipokuwa tukipata karatasi zaidi. Parokia, mashamba ya chai, vyama vya kahawa na shule nyingi ziliwahi kuandika mvua na joto. Madaftari mengine huenda yamo masandukuni Rusumo, Goma, Bukavu au Bujumbura, chini ya risiti za zamani. Ukilikuta la namna hiyo, usifungie vitumbua. Lipeleke Meteo Rwanda, hata kama ni kurasa tatu. Na ukikuta namba imekosewa, usiifute. Iandike iliyo sahihi pembeni yake.