Fahamu: Kwa nini haka ilisimamisha Bunge la New Zealand

Novemba 2024, mbunge kijana wa Kimaori, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, alisimama bungeni Wellington, akachana nakala ya muswada uliotaka kutafsiri upya Mkataba wa Waitangi wa 1840 kati ya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, na Uingereza, kisha akaanza haka, ngoma ya Kimaori. Wenzake wakamwitikia, kikao kikasimamishwa. Juni 2025 akafungiwa kuhudhuria Bunge kwa siku 7.

Wengi tunaijua haka kupitia All Blacks, timu ya raga, tukadhani ni ngoma ya vita tu. Sivyo. Wamaori huicheza harusini, msibani na wanapompokea mgeni wa heshima. Mtazame mchezaji: magoti yamekunjwa, viganja vinapiga mapaja na kifua, vidole vinatetemeka, macho yamemtoka; wanaume hutoa na ulimi. Mmoja huongoza, kundi zima huitikia kwa kishindo. Ka Mate, iliyo maarufu kuliko zote, ilitungwa yapata 1820 na chifu Te Rauparaha, aliyekuwa ameponea chupuchupu mikononi mwa maadui zake.

Kwangu mimi, kuiita haka ile ya bungeni fujo ni kutowaelewa Wamaori: mbunge yule alipinga kwa namna aliyorithi kwa mababu zake. Muswada wenyewe ulikataliwa Aprili 2025, kwa kura 112 dhidi ya 11.