Kumbukumbu ya Nani?

Askari wa shaba anayesimama Barabara ya Samora, Dar es Salaam, singe ikielekea bandarini, watu humwita Sanamu ya Askari. Jina hilo linamfaa anayeelekezwa njia. Haliwatendei haki ambao mnara ule uliinuliwa kwa ajili yao mwaka 1927, kwa kuwa sanamu ni umbo tu, na umbo halisemi anayekumbukwa ni nani. Ushahidi uko katika mji huohuo. Wajerumani walikuwa wamemsimamishia sanamu Hermann von Wissmann, gavana wao, na chini yake wakamweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na baadaye ikapelekwa Hamburg. Sanamu zote mbili zina askari, lakini ile ya kwanza haikuwa kumbukumbu yake hata kidogo. Alikuwa pambo la sifa za mwingine.

Maandishi ya Kiingereza na Kiswahili yaliyo kwenye mnara huo wa Barabara ya Samora, ambayo maneno yake ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, yanawataja askari wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 pamoja na wapagazi. Hao walibeba unga, risasi na majeruhi, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi. Lakini aliyepandishwa juu ni askari peke yake, na neno “sanamu” hufuata kinachoonekana juu. Nairobi, kwenye mnara kama huo wa Barabara ya Kenyatta, mpagazi amesimama bega kwa bega na wapiganaji.

Ndiyo maana napendekeza tuuite mnara wa kumbukumbu, si sanamu. Wapo watakaosema kwamba mnara ni kitu kirefu, kama wa msikiti au wa simu, kwa hiyo “mnara wa kumbukumbu” haufai. Lakini matumizi yameshapita hapo: Arusha tuna Mnara wa Azimio, na hakuna anayeupima urefu kabla ya kuutaja. Hoja nzito zaidi ni kwamba wapagazi wanalo jina lao tayari, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Ni kweli, na nalithamini sana jina hilo. Ila anayeshuka Kariakoo leo husikia soko, hasikii wafu. Kondakta na aendelee kuita “Askari!”, vitabu vya shule na vibao vya jiji viandike Mnara wa Kumbukumbu ya Askari na Wapagazi.