Ziara ya Kikundi: Tuanze na ya Karibu

Mwisho wa mwaka ukifika, vikundi vingi hapa Migori na Homa Bay huwa na neno moja: "Safari hii twende tukaone!" Mmoja anataka theluji ya Mlima Kenya, mwingine jengo la KICC kule Nairobi, au bustani ya Uhuru Gardens ambako bendera yetu ilipandishwa mwaka 1963. Si neno baya. Tembea uone, walisema wazee.

Lakini safari isiyopangwa huvunja kikundi. Sisi wenyewe tuliwahi kumlipa mwenye gari pesa zote kabla ya kuondoka. Gari likaharibika njiani, mwenyewe akazima simu, tukarudi usiku kwa matatu, kila mtu na nauli yake. Mikutano mitatu iliyofuata ikawa ya kulaumiana tu. Akina mama wawili waliacha kuja kabisa.

Basi tukakubaliana: tuanze karibu. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Kuufikia upande wa theluji kunataka siku kadhaa, nguo za baridi na mtu wa kuongoza njia. Lakini je, ya hapa kwetu tumeyaona?

Tunaweza kwenda wapi?

Thimlich Ohinga, Nyatike. Hizi ni kuta za mawe zilizojengwa yapata karne ya 16, bila simiti wala udongo wa kushikisha. Mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi wa dunia. Angalieni vizuri: kuna mawe makubwa nje na ndani, na katikati vijiwe vidogo vilivyojazwa ili kuyashika. Ukuta huo ungekuwa wa mawe makubwa peke yake, ungekwisha anguka zamani.

Mbuga ya Ruma, bonde la Lambwe. Hapa ndipo mahali pekee Kenya ambapo korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, bado anaishi porini. Vaeni nguo za rangi hafifu, maana mbung'o hufuata buluu na nyeusi. Kiingilio cha mbuga za KWS hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo kijana wa simu ashughulikie mapema.

Kisiwa cha Rusinga. Daraja la Mbita linawafikisha kwa gari. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969.

Ziwa Simbi, karibu na Kendu Bay. Wazee husimulia kwamba kijiji kizima kilizama hapo kwa kumnyima bibi kizee chakula. Mchukueni mzee awasimulie mkiwa pale pale ukingoni.

Hesabu kwanza

Tuseme gari ni shilingi 18,000 na mmejiandikisha watu 30. Kila mtu ni shilingi 600. Siku ya safari wakikosa 10, waliobaki 20 watalipa 900 kila mmoja, na hapo ndipo ugomvi huanza. Kwa hiyo:

1. Wekeni siku ya mwisho ya kulipa. Asiyelipa asihesabiwe.
2. Msiguse pesa ya mikopo wala ya mbegu. Safari iwe na mfuko wake.
3. Mwenye gari apewe sehemu tu, aweke sahihi, na salio apewe mkirudi salama.
4. Ulizeni kiingilio mapema. Bei hubadilika.
5. Bebeni chakula na maji ya kunywa kutoka nyumbani.
6. Mweka hazina asome hesabu katika mkutano wa kwanza baada ya safari, hata kama kilichobaki ni shilingi 50.

Kikundi kikiweza kwenda Thimlich na kurudi bila deni wala manung'uniko, kitaweza pia kuweka akiba pole pole na kufika Nairobi. Kikishindwa na safari ya siku moja, ya siku tatu itakitawanya.

Ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu hajawahi kutoka tarafa hii? Tufanye nini ili naye apate nafasi kwenye gari?