Usinitazame, Nijibu

Nafundisha utunzaji wa hesabu za biashara ndogo kwa njia ya mtandao, nikiwa Morogoro. Wanafunzi wangu ni watu wazima: mwenye duka la vipodozi Kahama, fundi magari Tunduma, mama lishe wa Tanga, kijana wa mitumba Tandika. Wengi husoma usiku, duka likishafungwa na watoto wakishalala. Kila kozi inapoanza huwaambia neno linalowaudhi baadhi yao: ukitazama video zangu zote bila kuandika chochote, kwangu bado hujaanza kusoma.

Wanaudhika kwa sababu kutazama nako kunachosha, na mtu akichoka hudhani amejifunza. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Kila mmoja alipewa habari mbili fupi. Moja aliisoma, akairudia tena. Nyingine aliisoma, kisha akaandika kila alichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5, ile iliyorudiwa ndiyo iliyokumbukwa zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: iliyorudiwa ilibaki kichwani kwa asilimia 42 hivi, iliyoandikwa kwa asilimia 56. Ndiyo maana siwaamini wanaoniambia, “Mwalimu, ile video nimeirudia mara nne.”

Kwa hiyo kwangu swali hutangulia, video hufuata. Jumatatu natuma hili: asubuhi droo ilikuwa na shilingi 40,000. Umeuza taslimu 185,000, umekopesha bidhaa za 30,000, umelipa bodaboda 6,000, umetoa 10,000 ya mboga za nyumbani. Jioni droo iwe na shilingi ngapi? Na faida ya leo ni kiasi gani?

Droo wengi huipata: 209,000. Kwenye faida ndipo wanapoumbuka. Mmoja ataniandikia 169,000, yaani kilichoongezeka kwenye droo. Mwingine ataondoa ile 10,000 kama matumizi ya duka, kumbe mboga zimeliwa nyumbani kwake. Mwingine atasahau kwamba mkopo nao ni mauzo. Ukweli ni kwamba faida haiwezi kujulikana, maana sijasema bidhaa zilizouzwa zilinunuliwa kwa bei gani. Hapo mtu ameshakasirika, anataka kujua kwa nini amekosa, na video inamkuta akiwa macho. Mimi nami nimeshajua nimfundishe nini.

Video zenyewe nazifanya fupi. Mwaka 2014 watafiti waliopitia kumbukumbu za karibu mara milioni 7 watu walipofungua video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, waliona kwamba umakini hauendi mbali kupita dakika 6. Sisi huku tuna sababu nyingine: bando. Kila somo langu lina sauti peke yake kwa asiye na MB za video, na karatasi moja ya kusoma bila mtandao. Kwenye kipindi cha moja kwa moja simlazimishi mtu kuwasha kamera. Inakula bando, na huenda amekaa chumba kimoja na familia yake yote. Ila nitamwita jina, naye ataandika jibu.

Majibu yao nayajibu kwa ujumbe wa sauti, na sichelewi. Kazi ikirudishwa baada ya wiki mbili, mwenyewe keshasahau alikuwa anafikiri nini alipoiandika.

Haya ya kufundisha watu kwa mbali huku wakitenda si mageni nchini. Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vyenye viongozi waliofunzwa, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Redio ilisema, kikundi kikatenda. Sasa linganisha na kozi ya akili bandia iliyotolewa bure mtandaoni kupitia Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2011: walijiandikisha kama 160,000, waliomaliza hawakufika 25,000. Walimu walikuwa mabingwa, na masomo yalikuwa mazuri. Lakini ukiwa peke yako na skrini, hakuna atakayegundua kwamba umeacha.

Ndiyo sababu nawagawa watano watano, kwa kufanana kwa biashara, na kila kikundi kina kiongozi wa kumpigia simu aliyenyamaza. Simu hiyo, kwa maoni yangu, inaokoa wanafunzi wengi kuliko programu yoyote ya kisasa.

Nanyi wanafunzi mna wajibu wenu. Andika kwa mkono. Kesho yake funga daftari ujaribu hesabu ileile, kisha uirudie wiki ijayo. Ukikwama, usiniandikie “sijaelewa.” Niambie umefika wapi: “nimeelewa mpaka kwenye mkopo, pale kwenye mboga umeniacha.” Swali la namna hiyo nalijibu kwa dakika moja.

Na kabla hujamlipa mtu ada ya kozi ya mtandaoni, muulize: nani atasoma kazi zangu, na atanijibu baada ya siku ngapi? Akikujibu kwamba video ni zako maisha yote, usilipe.