Dhoruba baharini: breki ipi ifungwe nyuma ya yoti?

Desemba 5, 2018, Susie Goodall wa Uingereza alikuwa peke yake katika mashindano ya Golden Globe ya kuzunguka dunia kwa matanga. Karibu maili 2,000 magharibi ya Cape Horn, wimbi liliibinua yoti yake, omo chini na tezi juu. Mlingoti ulivunjika naye akapoteza fahamu. Alipozinduka, aligundua kwamba drogi aliyokuwa akiiburuta haipo tena, kamba yake imekatika. Siku mbili baadaye meli ya mizigo Tian Fu ilimwokoa kwa kreni.

Drogi ni breki ya majini: kitu kinachofungwa kwa kamba ndefu na kuburutwa nyuma ya chombo ili kupunguza mwendo. Tusiichanganye na nanga ya mwavuli, ambayo hufungwa omo na kukifanya chombo kisimame karibu palepale kikitazama mawimbi.

Kwa nini mtu atake kupunguza mwendo wakati anakimbia dhoruba? Kwa sababu adui mkubwa ni wimbi linalovunjika, kuliko hata upepo wenyewe. Yoti inayoteremka mgongo wa wimbi kwa kasi inaweza kuchomeka omo, au tezi ikateleza na ubavu ukabaki wazi. Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet kati ya Uingereza na Ireland, yoti 303 ziling'oa nanga na dhoruba ikaua mabaharia 15. Majaribio ya vielelezo yaliyofanywa baadaye huko Southampton yalionyesha kwamba wimbi linalovunjika ubavuni, lenye kimo cha takriban asilimia 60 ya urefu wa chombo, linaweza kupindua karibu yoti yoyote. Kwa yoti ya mita 10, hilo ni wimbi la mita 6. Katika dhoruba kubwa, mawimbi ya namna hiyo si ya kutafuta.

Hapo ndipo ubishi wa drogi ipi unapoanza. Drogi moja kubwa ni rahisi kutupa na kuvuta, na nahodha bado anaweza kuelekeza chombo. Udhaifu wake ni kwamba ikitokeza juu ya maji au kamba ikilegea kati ya mawimbi, breki hakuna, na hulegea wakati uleule inapohitajika.

Donald Jordan, mhandisi wa ndege wa Marekani, alilishughulikia tatizo hilo baada ya Fastnet, na Walinzi wa Pwani wa Marekani wakatoa ripoti ya kazi hiyo mwaka 1987. Badala ya drogi moja, alipanga vifuko vidogo vya kitambaa vyenye umbo la koni kwenye kamba moja ndefu, mwishoni akaweka uzito wa kuizamisha. Yoti ya tani 4.5 huhitaji vifuko kama 100, ya tani 13.5 kama 132. Daima kuna vinavyovuta. Baharia anaweza kuacha usukani, akaingia ndani na kufunga mlango. Mlango huo uwe imara kweli, maana maji yatapanda tezini. Kuivuta tena baada ya dhoruba, jamani, ni kazi ya kuvunja mgongo.

Wapo wasioitaka breki kabisa. Mfaransa Bernard Moitessier alikata kamba alizokuwa akiburuta na kuiachia Joshua ikimbie. Lakini yeye alikuwa hodari wa usukani, na Joshua ilikuwa ya chuma. Kwa watu wawili waliokesha siku mbili, sisi tungechagua vifuko vya Jordan.

Hata hivyo, chaguo lolote halina maana kama kinachoishika drogi ni dhaifu. Mvuto unaweza kufikia tani kadhaa, na vishikizo vya kufungia kamba bandarini havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Wanaojua hufunga sahani nene za chuma kwa boliti kwenye pande mbili za tezi, kisha hukagua kila mahali ambapo kamba inaweza kusuguliwa. Na drogi hupangwa ndani ya mfuko, mwanzo wake ukiwa tayari umefungwa kwenye sahani, kabla ya kutoka bandarini. Usiku, katika mawimbi, hakuna wa kuanza kufungua mafundo.