Felti ya Dukani ya Nini na Gikomba Ipo?

Usiku mmoja wa muhula wa pili, saa nne na ushei, jirani yangu mtaani Jericho alinibishia mlango akiwa ameshika kitambaa chekundu na sindano. Mwanawe yuko Gredi ya Tano. Shule ilikuwa imeagiza kila mtoto apeleke asubuhi kikoba kilichotariziwa ua, na kitambaa sharti kiwe felti.

“Mwalimu,” akaniambia, “felti nimenunua, pesa za mboga zimekwisha, na mtoto amelala. Wewe unajua kutarizi?”

Nilijua kidogo, kwa kuwa mimi ni zao la mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985, ambao ulitufundisha sanaa na sayansi kimu, hata wavulana tukafuma kwa spoku za baiskeli. Basi tukaketi kwake tukashona, mtoto akikoroma nyuma ya pazia. Asubuhi alikipeleka kikoba ambacho hakukigusa, akatunukiwa kiwango cha kuzidisha matarajio.

Wazazi wengi wa Umoja, Kayole na Dandora watakitambua kisa hiki. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka wa 2019, mzigo wa vifaa umekuwa ukiwaelemea, ilhali mtaala wenyewe unahimiza kutumia vitu vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Felti ya madukani haimo katika mazingira hayo. Tena aghalabu si sufu hata kidogo. Ni nyuzi za plastiki zilizobanwa kiwandani zikatiwa rangi za kuvutia.

Felti halisi haifumwi wala haisokotwi. Unyoya wa kondoo una magamba madogo mno yaliyopangika kama vigae vya paa. Ukiutia katika maji ya moto yenye sabuni, magamba hayo hufunuka. Ukiufikicha, nyoya moja hupenya katika jingine, yakakamatana yasiachane tena. Wafugaji wa Asia ya Kati wamejenga mahema kwa kitu hicho tangu kale. Mama yeyote wa Nairobi naye amewahi kukitengeneza pasipo kukusudia, siku alipofua sweta nzuri kwa maji ya moto ikatoka ikimtosha mtoto mchanga. Sisi husema nguo imerudi, tukasikitika. Kumbe hilo tunalolisikitikia ndilo mwenye kutaka felti analolitafuta.

(Niruhusiwe neno moja la kitaaluma. Sufu ni ya kondoo. Sufi ni ya mti wa msufi, ile inayojazwa mitoni. Watu huyachanganya maneno haya, lakini sufi haitageuka felti hata uichemshe hadi Krismasi.)

Sasa twende Gikomba. Katika marobota ya mitumba zimo sweta zilizotoka nchi za baridi, na zile zilizotobolewa na nondo hakuna azitakaye. Muuzaji huziuza kwa bei ya kutupa. Soma lebo ya shingoni: itafutwe iliyo sufu tupu. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kiberiti, mwalimu mwenyewe, si mtoto. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika vidoleni. Akriliki, ambayo ndiyo iliyo katika sweta nyingi za shule zetu, huyeyuka ikaganda kama shanga nyeusi. Hiyo haitarudi kamwe. Hata sufu iliyotiwa dawa ili ihimili mashine ya kufulia haifai, kwani magamba yake yamekwisha kulainishwa.

Mwalimu mwenye wanafunzi sitini ataniuliza nani atawachemshia maji. Jibu langu ni kwamba kazi hiyo hufanywa mara moja, kwa sufuria ya jikoni mwa shule, na sweta mbili za mtu mzima hutosha kumpa kila mtoto kipande cha ukubwa wa kiganja. Zikikauka, zikateni. Hapo ndipo utaona kwa nini felti ni rafiki wa mikono michanga: ukingo wake hauchanuki nyuzi, hivyo mtoto hana haja ya kukunja upindo kabla ya kuanza. Hukata ua, hulibandika juu ya kipande kingine, akapitisha sindano. Akikosea, hufumua uzi na kitambaa kikabaki salama. Sayansi ya maji moto nayo amekwisha kuiona kwa macho.

Lipo na jambo linaloniudhi zaidi kama mtu wa lugha. Watoto hawa husoma kazi za mikono kwa Kiingereza, wakamaliza shule hawajui kwamba kile kijikofia cha kidoleni kinachozuia sindano kuchoma huitwa subana, wala kwamba mishono mirefu ya kushikiza tu ni kupiga bandi. Na si kwamba ufundi wenyewe umetoweka. Ingia nyumba yoyote ya Kaloleni au Maringo utazame migongo ya makochi: vitambaa vilivyotariziwa vimetandazwa hadi juu ya televisheni. Waliovishona wangali hai, wengine wanakaa hatua chache kutoka lango la shule, na hawajawahi kualikwa darasani hata saa moja.

Yule jirani yangu nilimpelekea sweta ya kijivu yenye matundu, nami nikamwomba tuichemshe Jumamosi, mchana, mtoto akiwa macho. Sufuria yake ilinuka kondoo siku mbili, akanilaumu. Mtoto alitengeneza kikoba kingine, kidogo, ua lake likiwa na petali tano, moja imekwenda upande. Hakikutakiwa na shule. Hutilia humo nauli ya matatu.